Kiganja Juu ya Karatasi

Kitasa cha mlango wa Kituo cha Uandishi kilikuwa kimekufa upande wa ndani. Ukiufunga mlango ule ukiwa chumbani, umejitia jela mwenyewe, mpaka apite mtu wa nje akuhurumie. Fundi alikuwa ameahidiwa tangu mwaka ambao Lukresia Mapunda aliajiriwa, na sasa Lukresia alikuwa anaumaliza mwaka wa tano. Kwa hiyo waliuzuia mlango kwa kiti cha plastiki, na wanafunzi walizoea kukiruka wakiingia na kazi zao. Dirisha lilikuwepo, tena pana, ila chuo kilijenga mnara wa tangi la maji nje yake. Ukilifungua unapokewa na ukuta wa saruji.

Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya viti vibovu. Beda Ndunguru, Mmatengo wa Mbinga asiyeweza kukaa dakika kumi bila kumtania mtu, alisema bado ni stoo ya viti vibovu, ila siku hizi viti vyenyewe vina shahada. Walikuwa watatu tu mle ndani: Beda, Lukresia, na mkuu wao Mwalimu Fulgence Haule, mzee wa miaka hamsini na tisa aliyefundisha seminari muda mrefu mpaka akasahau kunong'ona.

Watu wengi pale chuoni walidhani kazi ya kituo ni kusahihisha. Mwanafunzi alikuja mbio na ripoti yake ya utafiti, akaitupa mezani kama nguo chafu, akategemea kuirudia jioni imefuliwa na kupigwa pasi. Mwalimu Fulgence alimkalisha, akamwekea kalamu mkononi, akamwonyesha manila iliyobandikwa ukutani kwa maandishi yake mwenyewe: KALAMU HUKAA KWA MWENYE KAZI. Ninyi walimu, alikuwa akiwaambia Lukresia na Beda, ni kuuliza tu. Hapa ulitaka kusema nini? Umejuaje? Nani alikuambia? Mwanafunzi akikwama mpaka jasho likamtoka, muulize tena, lakini usimwandikie hata nukta.

Sheria ya pili ilikuwa ya kufunika. Ikiwa unashuku kwamba kazi si ya aliyeileta, unasoma nusu ya sentensi kwa sauti, kisha unafunika karatasi kwa kiganja na kumtazama. Amalizie yeye. Asiye na kazi ananyamaza, au anakariri kama mtoto wa katekisimu. Mwenye kazi hafanyi hivyo. Mwenye kazi anaimalizia sentensi kwa maneno mengine, tena mara nyingi anagombana nayo: hapana, mwalimu, hapo niliandika vibaya, nilitaka kusema hivi. Mwalimu Fulgence alisema mtu hawezi kuikariri sentensi yake mwenyewe, kwa sababu haijaisha kichwani mwake. Katika miaka yote ile Lukresia hakuwahi kuona ikikosea.

Sasa tuseme kosa lake, maana hadithi yote imebebwa nalo.

Mwezi wa tatu kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, Iddi Abdulatifu, mtoto wa wakulima wa korosho huko Tunduru, alikuja kituoni macho yamemwiva. Mama yake, Bi Mwanne, alikuwa amelazwa hospitalini Mbesa, na Iddi alikuwa akienda na kurudi, akilala kwenye benchi siku nne, akihudhuria darasa siku mbili. Utafiti wake ulihusu majina ambayo wakulima wa kwao huyapa mashamba ya mikorosho. Sura tatu za kwanza alikwishaziandika palepale kituoni, kalamu mkononi mwake, kwa mwendo wa kobe lakini kwa haki. Sura ya nne, ambayo ndiyo yenye uchambuzi, ilikuwa bado daftarini: majina sabini na mawili, kila moja na kisa chake. Kulikuwa na shamba linaloitwa Nimeyaona, na jingine Nani Kakutuma, na jingine Mkwe Asipite.

"Madamu, naomba uniangalizie kama visa vinatosha," Iddi alimwambia, akamwachia daftari, akaenda kudandia gari la Tunduru.

Lukresia alilichukua daftari hadi chumbani kwake Bombambili. Jumamosi asubuhi alilifungua ili aangalie. Jumapili jioni alikuwa ameandika kurasa kumi na tisa, hakwenda misa, hakupika, na mama mwenye nyumba alimgongea kumuuliza kama ni mzima.

Alijiambia ni huruma. Kwa watu wote waliomuuliza baadaye alisema ni huruma, na hakuwa mwongo, ila huruma ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa njaa. Miaka mitano mtu anakaa pembeni ya kazi za wenzake, anauliza, anauliza, anaona sentensi nzuri inapita karibu na mwanafunzi kama kuku anayejipeleka jikoni mwenyewe, na haruhusiwi kuikamata. Siku zile mbili alikamata. Aliandika akicheka peke yake. Sentensi moja tu, ya mwisho wa sura, haikumkaa vizuri. Aliandika juu ya umiliki wa ardhi, akaiona imekauka, akaiacha hivyohivyo kwa sababu mwanga ulikuwa umekwisha.

Iddi aliporudi na kuzikuta zile kurasa alizisoma zote palepale akiwa amesimama. Kisha alisema, "Mungu akulipe, madamu." Muda wa kukusanya kazi ulibaki siku moja. Alizichapa, akazikusanya.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, nacho kilijiuza kweli. Mtahini wa nje aliyeletewa ripoti ile aliisoma hadi mwisho, akaandika mstari mmoja kwa wino mwekundu: Mwandishi wa sura ya nne si mwandishi wa sura ya tatu. Ripoti ikarudishwa chuoni, ikapelekwa Kamati ya Maadili ya Taaluma, na kamati ikakiandikia barua Kituo cha Uandishi kuomba msaada wa kitaalamu. Wamfunikie kijana karatasi mbele ya kamati, Alhamisi ya tarehe kumi na tisa Juni.

Barua ile ilimkuta Lukresia akiwa na barua nyingine kwenye mkoba. Mwalimu Fulgence alikuwa anastaafu, naye alikuwa amempendekeza yeye kuwa mkuu wa kituo, ajira ya kudumu, baada ya mikataba tisa ya miezi sita sita ambayo kila mmoja ulimkuta hajui kama kodi ya chumba ataendelea kuilipa yeye au mtu mwingine. Sahihi ya mwisho ingewekwa Ijumaa, tarehe ishirini. Mama yake kule Madaba, aliposikia habari kwa simu, hakungoja sahihi. Alikwenda kanisani na jogoo na debe la mahindi, akatoa shukrani mbele ya jumuiya yote.

"Lukresia, utasoma wewe," alisema Mwalimu Fulgence alipoimaliza barua ya kamati. "Kituo ni chako sasa. Mimi nitakaa nisikilize."

Beda alipiga makofi. "Mkuu mpya anaanza na kuchinja!"

Lukresia alicheka pamoja nao. Alijishangaa jinsi kicheko kilivyotoka vizuri.

Jumatano mchana, Beda na mzee wakiwa wamekwenda kula, Iddi aliruka kile kiti na kuingia. Alikuwa amevaa sweta la shule yake ya zamani kwa ajili ya baridi, amekonda.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, karuhusiwa. Yuko nyumbani." Kijana aliangalia nyuma yake, akakivuta kiti ndani, na kabla Lukresia hajamzuia, mlango ukajifunga kwa kishindo.

"Iddi! Mlango huo haufunguki kwa ndani."

"Yaa Rabi. Samahani, madamu. Nilitaka tuongee wenyewe."

Haya, wakabaki wawili, mlango upande huu na saruji upande ule. Lukresia aligonga mara tatu. Ukumbini hapakuwa na mtu. Alirudi kukaa, na kwa sababu hakujua pa kuweka mikono aliiweka mezani.

"Usiwe na hofu kwa ajili ya kesho," Iddi alisema kwa sauti ya chini. "Nimeihifadhi yote."

"Umehifadhi nini?"

"Sura. Kurasa kumi na tisa. Mimi nimekulia madrasa, madamu, kuhifadhi si kazi kwangu. Nisomee popote, nitamalizia. Hata nukta sitaacha." Akafumba macho, akaanza ukurasa wa thelathini na nne, akaenda nao bila kupumua, sentensi za Lukresia zikimtoka moja baada ya nyingine zikiwa nzima, zimenyooka, hazina hata kovu.

Kijana alikuwa amefanya kazi usiku na mchana kusuka kitanzi chake. Kamati ingedanganyika, ndiyo. Kamati haijui kitu. Lakini Mwalimu Fulgence angekuwa ameketi pale, na masikio ya Mwalimu Fulgence yangetambua kukariri kabla ya sentensi ya pili kwisha.

Ilitakiwa amwambie. Maneno yalikuwa machache: usimalizie hivyo, badilisha, sema kwa lugha yako. Alifungua mdomo. Na hapohapo wazo jingine likamjia, dogo, safi, la kutisha: akimfundisha namna ya kudanganya na kijana akabanwa, atasema alifundishwa na nani, lakini akikamatwa kwa kukariri, amekamatwa peke yake.

"Ukibanwa utasema nani aliandika?" aliuliza.

Iddi alifumbua macho, akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Madamu, wewe uliniandikia mama yangu akiwa hoi. Nikutaje? Wallahi hata wanichinje."

Lukresia alifunga mdomo. Aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, aibu ya kweli ya kuunguza, na bado hakusema kitu. Walikaa hivyo robo saa nzima bila kutazamana, mpaka Beda aliporudi, akakuta mlango umefungwa na kuusukuma.

"Ee! Mahabusu wangu," alisema Beda. "Mmekula?"

Alhamisi saa nne kamati ilikaa katika chumba cha mikutano cha jengo la utawala. Walikuwa watano, na mwenyekiti wao Dokta Hironimus, mtu wa hesabu aliyeamini kila swali lina jibu moja na jibu hilo huja mwishoni mwa ukurasa. Mezani kulikuwa na chupa ya chai, sahani ya karanga, na mbele ya Iddi fomu ya maelezo na kalamu ya bluu. Mwalimu Fulgence alikaa mwisho wa meza na nakala yake, miwani puani. Lukresia aliketi ana kwa ana na Iddi.

"Tuanze," alisema mwenyekiti.

Lukresia alifungua ukurasa wa thelathini na tano. Alisoma, "Majina yanayotokana na ugomvi ni mengi kuliko yanayotokana na sifa, kwa kuwa..." Akafunika.

"Kwa kuwa sifa husemwa mbele ya mtu," Iddi alipokea bila kusita, "ilhali ugomvi hutafuta mahali pa kukaa, na shamba lina nafasi."

Wanakamati walichungulia nakala zao. Neno kwa neno. Dokta Hironimus aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Lukresia alisoma nyingine, Iddi akaimalizia. Nyingine, akaimalizia. Kufika ya sita mwenyekiti aliweka kalamu chini, akamimina chai.

"Mimi naona tumepata jibu," alisema. "Huyu akiwa si mwenyewe, mwenyewe ni nani?"

Mwalimu Fulgence alivua miwani. Hakukuwa na furaha usoni pake.

"Mwenyekiti, uniwie radhi. Mwenye sentensi hamalizi hivyo. Angegeuza, angepunguza, angegombana nayo. Huyu kijana hajamalizia hata moja. Amekariri."

"Sasa imekuwa dhambi kuikumbuka kazi yako?"

"Mwambie aieleze hiyo ya ugomvi kwa maneno mengine."

Iddi aliulizwa. Akafikiri, mishipa ya shingo ikasimama. Angeweza kuwaeleza vizuri mno, maana visa vyote ni vya kwao, vya wajomba zake na majirani zake. Lakini aliogopa kwamba neno moja likitoka nje ya sura litamfichua madamu wake. "Kwa kuwa sifa husemwa mbele ya mtu," alisema polepole, "ilhali ugomvi hutafuta mahali pa kukaa, na shamba lina nafasi."

Mwanakamati mmoja alikohoa.

"Iddi," alisema Dokta Hironimus, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine, "nani alikuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Ukimtaja aliyekuandikia utarudia sura hiyo mwakani, basi. Usipomtaja, kanuni ni kufukuzwa. Unaelewa? Miaka mitatu yote inapotea."

"Nimeandika mwenyewe, dokta."

Alisema hivyo akitazama sahani ya karanga. Hakumtupia Lukresia jicho hata la bahati mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Kijana alikuwa anamlinda hata kwa macho.

"Mwalimu Lukresia," mwenyekiti alimgeukia, "wewe ndiye mtaalamu, na nasikia kesho unakuwa mkuu. Tupe neno moja tuliandike. Ni yake au si yake?"

Akisema ni yake, mzee aliyemlea angejua ni mwongo. Akisema si yake, Iddi anapanda gari la Tunduru leo jioni na sanduku lake. Kila mlango aliougusa ulifunguka kwa nje tu, na nje hapakuwa na mtu wa kuusukuma.

"Naomba nimjaribu sentensi moja zaidi," alisema. Alitaka dakika tu, hakuwa na mpango wowote. Vidole vyake vilifungua ukurasa wa mwisho wa sura, wa hamsini na mbili, akasoma:

"Mkulima halitungii shamba jina ili majirani walijue, hulitungia jina ili..."

Akafunika. Akamtazama Iddi.

Iddi hakumalizia. Midomo yake ilikuwa imefungwa na machozi yamejaa machoni. Kijana alikuwa amechoka: akikariri amekamatwa, akibadilisha amemfichua madamu wake. Kimya kikaenda, kikaenda. Lukresia alikuwa amestahimili vimya vya wanafunzi miaka mitano, ndiyo kazi yake, lakini sentensi hii aliijua. Ilikuwa imemsumbua tangu mwezi wa tatu, akiosha vyombo, akiwa juu ya bodaboda, akipanga mstari wa komunyo. Ikaja sasa, nzima, na ikatoka kabla hajajua kwamba imetoka.

"...ili siku yeye asipokuwepo, shamba lenyewe limtaje."

"Nzuri hiyo," alisema Dokta Hironimus, akainamia nakala yake. Akakunja uso. Akafuata mstari kwa kidole. "Lakini mbona hapa... mimi naona imeandikwa 'ili kuonyesha umiliki wake juu ya ardhi'. Mwalimu, unasoma ukurasa gani?"

Lukresia alitazama mkono wake. Kiganja kilikuwa bado juu ya karatasi, kimelala, vidole vimetanuka, hakuna hata neno moja linaloonekana chini yake.

Mwalimu Fulgence naye alikuwa anakitazama kile kiganja. Alikitazama kwa muda mrefu, mdomo wake ukicheza kidogo kama mzee anayetafuta jina la mtu aliyemfahamu sana. Kisha alisukuma kiti nyuma, akainuka, akazunguka meza kwa miguu yake mibovu mpaka alipokaa Iddi. Akaichukua ile kalamu ya bluu. Akarudi nayo upande wa pili na kuiweka mezani mbele ya Lukresia, taratibu, kama alivyokuwa akiwawekea wanafunzi wote.

"Madamu," Iddi alisema, na sasa alimtazama, "usiandike. Nakuomba."

Lukresia alimfikiria mama yake na jogoo wa shukrani. Alifikiria chumba cha Bombambili, na Beda, ambaye kuanzia leo asingejua amtanie vipi. Akaivuta fomu ya Iddi karibu. Penye nafasi ya jina la mwandishi wa sura inayolalamikiwa aliandika Lukresia Mapunda, kwa herufi kubwa zinazosomeka, akaweka sahihi na tarehe.

Ingetosha hapo. Lakini kalamu ilikuwa mkononi. Aliondoa kiganja kwenye ukurasa wa hamsini na mbili, akaikata sentensi iliyokauka kwa mstari mmoja, akainama, akaanza kuandika ile nyingine juu yake. Hakuna aliyemzuia. Dokta Hironimus alishika kikombe chake cha chai, akasubiri amalize.